Baraza ya Pesa za Mazishi

Winnipeg, 22 Aprili 2018

Mjukuu wangu Ostap,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ukisoma hapo unatabasamu upande mmoja, maana tangu upate shahada hata Mungu umemwekea maswali. Itikia tu, kuitikia hakupunguzi kisomo. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, nayo tumeshayazoea. Wewe je, kifua kimepona? Huko Montreal unakula chakula, au unatafuna karatasi za hiyo maktaba wanayokulipa kuilinda?

Theluji imeondoka, na imeondoka na ngazi zangu za nyuma. Mbao alizozipigilia babu yako zimeoza. Juzi nilikanyaga ya pili ikaniacha. Nikadaka kitasa cha mlango, sikuanguka. Lakini muuguzi anayekuja kunitazama kila wiki aliliona shimo, na mbele ya nyumba, kama ujuavyo, kuna ngazi nyingi zaidi. Akaandika taarifa. Hadi Aprili ijayo nyumba iwe na njia ya kutokea iliyo sawa, mkongojo wangu wa magurudumu upite bila kunyanyuliwa. Isipokuwepo, hawatanihudumia tena hapa nyumbani.

Mjomba wako Lev aliipokea taarifa ile kama hati ya urithi. Kesho yake akanipeleka kuona jumba la wazee kusini mwa mji. Chumba kina dirisha, na dirisha linatazama maegesho ya magari.

Nikamwuliza, "Bizari yangu nitaipanda wapi, juu ya boneti?"

Akasema, "Mama, huko supu utaletewa."

Nikamjibu kwamba nimepika borshchi maisha yangu yote ili nisije nikaletewa supu ya mtu mwingine.

Nataka baraza ya zege nyuma ya nyumba, iwe usawa mmoja na kizingiti, kisha ishuke taratibu hadi bustanini. Lev anasema kumwaga zege katika mji huu ni kumwaga dola mtoni: udongo wetu wa mfinyanzi huvimba ukiganda, husinyaa ukikauka, na baridi ya Januari hupasua hata mawe ya makaburini. Wewe umesoma kuliko kasisi. Niambie kweli, usinipendeze: zege linaweza kukaa hapa, au haliwezi?

Bibi yako,
Paraska


Montreal, 3 Mei 2018

Bibi yangu mpendwa,

Milele, amina. Nimeitikia, na kisomo kiko palepale. Kifua kimepona, na ninakula, ingawa borshchi ya mji huu wanaitengeneza watu wasiojua tofauti kati ya kiazi chekundu na huzuni. Magoti yako nayasalimu, kila moja kwa jina lake.

Umeniuliza swali lenye jibu, hisani ambayo walimu wangu hawakuwahi kunifanyia. Nimeacha mambo mengine yote nikalisomea. Hili hapa.

Baridi haiui zege. Wanaoliua ni wawili: maji yaliyokosa pa kwenda, na mtu asiyetaka kulipia kitu kisichoonekana. Maji yakinaswa chini ya bamba la zege huganda, hupanuka, na bamba hubinuka kama mgongo wa paka aliyekasirika. Kwa hiyo udongo huo wa mfinyanzi uchimbwe na kuondolewa. Mahali pake pajazwe kokoto iliyoshindiliwa, maji yapate njia. Juu ya kokoto walaze mbao za povu gumu zinazozuia baridi isishuke. Zifuate nondo. Zege lenyewe lichanganywe na vipovu vidogo vya hewa, ili maji yanayoganda ndani yake yapate chumba cha kupanukia. Na, Bibi, hili usikubali mtu akubishie: bamba lisifungwe na ukuta wa nyumba. Wengi hulifunga wakidhani wanaimarisha. Januari bamba hupanda kidogo, nao mlango haufunguki tena. Nyumba na baraza ni kama mama na mwana mtu mzima. Wakae karibu, wasifungane kwa chuma.

Yote hayo ni ghali, na sehemu kubwa ya gharama itafukiwa usiione tena. Mjomba ataita huo upotevu. Yeye huhesabu kuwa faida kila kinachoonekana kutoka barabarani. Anapouliza kama zege litadumu, anauliza swali jema kwa nia iliyopinda, kwa sababu jibu lake alikuwa nalo kabla ya swali, na jibu hilo lina dirisha linalotazama maegesho. Sijasemezana naye tangu aliponiambia, mbele ya waliokuja kumzika Babu, kwamba shahada yangu ni pazia la mtu asiye na dirisha. Lakini safari hii nimemwandikia. Nimemweleza kwa adabu zote anakosea wapi.

Mjukuu wako,
Ostap


Winnipeg, 19 Mei 2018

Mjukuu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, maana hapa unatajwa sana na masikio lazima yamewasha.

Adabu zako zote zilifika. Lev alikuja nazo Jumapili baada ya misa, akaketi mezani pangu, akaisoma barua yako kwa sauti kuanzia juu hadi chini huku borshchi ikipoa. Alipofika ulipomwita "karani wa maisha ya wengine" akavua miwani.

Akasema, "Huyu kijana hajalipa hata bili ya maji, anifundishe mimi mzigo wa mama yangu?"

Nikasema, "Kumbe mimi ni mzigo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema sasa hivi, supu imesikia."

Akaondoka bila kula. Alikuwa ameahidi kunisaidia nusu ya gharama endapo ningeshupaa. Sasa hatoi hata senti, wala haji. Ostap, nilikuomba neno, ukaleta mzinga. Kila ulichokiandika ni kweli, na kweli yako imenigharimu nusu ya baraza. Sikuambii uombe radhi. Najua tumbo lililokuzaa. Marehemu mama yako alikuwa hivyohivyo. Nakuambia tu uijue bei.

Mafundi wamekuja watatu. Wa kwanza alitaja bei ndogo sana. Nilipomwuliza kokoto itashuka kiasi gani, akanyoosha kidole chake kidogo. Nimeshona makoti kiwandani tangu ujana, najua mtu anayeficha upungufu wa bitana. Wa pili hakushuka hata garini. Wa tatu ni Mfilipino, Rodel Macaraeg. Huyo majivuno yake yanaweza kupasha joto nyumba nzima. Alizunguka, akapiga udongo kwa kisigino, akasema, "Mama, nitakutajia bei, utalia. Ukimaliza kulia, piga simu kwa wenzangu. Wakiipasua baraza yako mwaka wa pili, utanipigia mimi, na siku hiyo nitakutajia bei kubwa zaidi."

Nikamwambia ataje, sina machozi ya bure. Akasema dola elfu kumi na moja. Kuvunja, kuchimba, kokoto, povu, nondo, mteremko, kila kitu.

Nikamwuliza, "Bamba utalifunga na ukuta?"

Akanitazama upya. "Nani amekufundisha hilo?"

Nikasema, "Nina mjukuu mbishi."

Pesa ninazo. Wajua ziko wapi: kwenye chama cha akiba cha parokia, zile nilizoanza kuweka babu yako alipougua, za jeneza, za kasisi, za karamu ya matanga na jiwe lenye jina. Kila mwanamke wa rika langu anazo, na gauni liko tayari kabatini. Nimekaa na wazo hili wiki nzima. Kwa nini niwe na nyumba ya kulala iliyolipiwa, nikose mlango wa kutokea? Nitembee kwanza. Kuzikwa hakunikimbii.

Bibi yako,
Paraska


Montreal, 2 Juni 2018

Bibi yangu mpendwa,

Milele, amina. Mimi ni mzima, na masikio yaliwasha kweli.

Nimeipokea bei ya barua yangu. Sitaiombea radhi hoja, kwa sababu hoja haijakosea; lakini ningejua kwamba yeye ndiye nusu ya kokoto, ningeipeleka hoja hiyo baada ya zege kumwagwa. Hilo nakubali, na halitoki kinywani mwangu kirahisi.

Kuhusu pesa za mazishi, watakuja kukusema. Wanawake wa parokia watasema umemnyang'anya marehemu haki yake, na marehemu huyo ni wewe. Waulize: je, anayestahi wafu humstahi mtu tangu lini? Tangu anapokata roho tu? Desturi ya kuweka akiba ya jeneza ilizaliwa na watu waliozika ndugu zao kando ya reli wakikimbia vita, bila ubao wala jina, nawe ulikuwa mtoto miongoni mwao. Ninaiheshimu. Lakini ilizaliwa ili mtu asidhalilishwe. Kumtoa mwanamke katika bustani yake akiwa hai, kisha kumzika kwa jiwe zuri, ni kuigeuza desturi ile ndani nje.

Ili mtu asipate la kusema, sikia ahadi yangu. Mwambie Rodel asizitupe mbao za ngazi za Babu zilizo nzima bado. Siku yako ikifika, jeneza nitalipigilia mwenyewe kwa mbao hizo. Litakuwa baya, nitaligongelea misumari kombo, na wanaparokia watalizungumza miaka kumi. Lakini halitakugharimu kitu.

Mjukuu wako,
Ostap


Winnipeg, 16 Septemba 2018

Mjukuu wangu seremala,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Mimi naandika barua hii nikiwa nje, nimeketi kitini, juu ya zege langu.

Nilikawia kukuandikia kwa sababu mvua ilikawia kuisha, na Rodel alikataa katakata kumwaga juu ya udongo mbichi. Nusu nzima ya majira ya joto nilitazama shimo. Lev hakuja kuliona. Alituma neno kwa jirani kwamba hawezi kusimama atazame jeneza la mama yake likimwagwa kwa toroli.

Na kwa toroli ndivyo lilivyomwagwa, maana gari la zege halikuenea uchochoroni. Vijana wa Rodel walikimbia nalo kama wanaokimbiza moto. Majirani wakatoka. Mzee Bohdan wa upande wa pili, ambaye hajasifu kitu tangu serikali iliyopita, akasema, "Angalau liko sawa." Mama mmoja wa parokia aliinama kwenye ua akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na kwamba nikifa aje na koleo.

Walipomaliza kulilainisha na kuchora mikato, nikatoka na mkate na chumvi juu ya kitambaa nilichodarizi, kama tunavyowapokea watu wa heshima. Pirohi nilizozijaza viazi na kuzichemsha zilikuwa zinangoja mezani, na mke wa Rodel alikuwa ameleta tambi zao. Rodel akamega mkate. Kibakuli cha chumvi akakichukua kwa mikono miwili, akakirudisha mwenyewe jikoni.

Akasema, "Mama, sisi umetupokea, asante. Huyu mgeni bado mchanga. Chumvi asiionje kabisa baridi hii ya kwanza, hata punje, hata kukiwa na barafu kama kioo. Tumia mchanga. Chumvi itamla uso kabla hajakomaa."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka, kwa hiyo nimenunua mchanga.

Mkongojo unapita, Ostap. Mlangoni hadi kwenye bizari, bila mtu kunishika kwapa. Mbao zako ziko gereji, nimezifunika.

Bibi yako,
Paraska


Montreal, 30 Desemba 2018

Bibi yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza mimi, ili ujue kwamba nina wasiwasi.

Nilikuandikia Oktoba, nikakuandikia Novemba, na simu yako inalia bila kupokelewa, ingawa najua huichukia. Nasikia Winnipeg baridi imekuwa kali hata magari yanagoma. Nimemwuliza kasisi wako kwa simu, akasema upo na hulali misani, basi. Sitaki taarifa za kasisi. Je, u mgonjwa? Je, baraza imepanda? Je, mlango unafunguka? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Ostap


Winnipeg, 18 Februari 2019

Mjukuu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira kwamba Lev hakanyagi kwangu, kisha wiki hii nikapata nyingine, na hasira yangu haiandiki vizuri.

Mlango unafunguka. Bamba halikupanda. Lakini theluji ilipoyeyuka kidogo wiki iliyopita nikaona uso wake. Umebabuka, Ostap. Umetoka magamba kama ngozi ya mtu aliyeungua, kokoto zinachungulia. Nikampigia Rodel nikamtukana kwa lugha mbili. Akaja, akapiga magoti, akalamba kidole chake. Akasema, "Mama, hii ni chumvi."

Nikaapa kwamba sijatia hata punje. Akanionyesha nyayo zilizoganda kandokando ya nyumba, buti kubwa, zinazokuja na kurudi.

Jumapili nikaamka mapema nikasimama nyuma ya pazia la jikoni. Kabla ya misa ya kwanza akaingia kupitia uani, amevaa koti lake la kanisani, ndoo mkononi. Lev. Anamwaga taratibu, kwa mkono, kama anayelisha kuku. Nikafungua mlango.

"Lev, unafanya nini?"

Akashtuka hata ndoo ikamponyoka. "Nisije nikapigiwa simu kwamba umevunjika nyonga."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Na kwa nini huingii ndani?"

Akatazama buti zake. "Hukuniita."

"Chumvi, Lev?"

"Mama, mji mzima unatia chumvi."

"Mji mzima haukumwaga zege Septemba."

Ndipo akatazama chini, akaona. Alibadilika rangi. Nilidhani atalia, na angelia ningemwingiza ndani nikamlisha. Lakini kiburi chake, ambacho pia kilitoka kwenye tumbo langu, kikamwahi. Akasema, "Zege linaloshindwa na chumvi si zege. Hizo ndizo pesa za mazishi, zimebabuka kabla hata hujafa. Muuguzi akija Aprili aone mwenyewe." Akaondoka. Ndoo ameiacha.

Sasa unaelewa hasira yangu. Angekuwa adui, ningejua la kufanya. Alikuwa ananitunza. Na hakuna aliyemwambia habari ya chumvi kwa sababu tulikuwa hatusemezani, na hatukusemezana kwa sababu uijuayo.

Nisikilize vizuri: usimwandikie.

Bibi yako,
Paraska


Montreal, 4 Machi 2019

Bibi yangu mpendwa,

Milele, amina. Ninafurahi kwamba ulikuwa na hasira tu.

Barua ya kumjibu mjomba ilikuwa tayari kichwani mwangu kabla sijamaliza kusoma yako. Ilikuwa na sehemu tatu, na ya tatu ilikuwa nzuri sana. Sitaiandika. Badala yake nimepiga simu katika duka moja la vifaa huko Winnipeg, nikaagiza gunia la mchanga lipelekwe mlangoni kwake. Mwenye duka akaniuliza aandike ujumbe gani. Nikasema hakuna. Hii ndiyo hoja fupi kuliko zote nilizowahi kujenga, na imeniuma.

Kwako wewe, nasema hivi, na ulishike imara. Kilichobabuka ni uso. Uso haujawahi kuwa ndiyo baraza. Baraza ni kokoto uliyoilipia na usiyoiona, ni povu, ni nondo, ni pengo kati yake na ukuta. Navyo vyote vimepita majira ya baridi kali bila kutikisika. Mtu akija na karatasi yake Aprili, asikuvute kwenye mjadala wa urembo. Taarifa yao haikudai zege zuri, ilidai njia. Mwambie: uso si hoja, pima mteremko, pima upana, sukuma mkongojo. Akitaka kubishana zaidi, mwambie uso wa bamba hili umekunjana kama wako wewe, Bibi, na nyote wawili bado mnabeba mzigo.

Nimeomba likizo ya Mei. Nitakuja. Sitaki kupokewa uwanja wa ndege na mtu yeyote anayenichukia, nitapanda basi hadi kwako.

Mjukuu wako,
Ostap


Winnipeg, 30 Aprili 2019

Mjukuu wangu Ostap,

Kristo amefufuka. Itikia. U mzima? Mimi ni mzima, na miguu nayo imefufuka kidogo.

Muuguzi alikuja Jumanne ya juma kuu, na mkubwa wake, mwanamke mwembamba mwenye kanda ya kupimia. Nilikuwa nimejipanga kama anayekwenda mahakamani. Lakini kabla hawajavua makoti, mlango wa uani ukalia, Lev akaingia na gunia begani. Sikuwa nimemwita. Hakunisalimu. Alilitua gunia chini, akalipasua kwa kisu, akaanza kumwaga mchanga juu ya baraza, ingawa barafu ilikwisha kitambo na jua lilikuwa linawaka.

Yule mwembamba akainama, akagusa magamba. "Hili limeharibika. Nani alilimwaga?"

Nikafungua kinywa. Lev akanitangulia.

Akasema, "Fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyelitia chumvi. Na uso si hoja. Pima mteremko, pima upana, sukuma mkongojo."

Nikamtazama. Maneno yale nayajua. Barua yako niliibandika kwenye friji, na Jumapili ya matawi alipita kuchukua ndoo yake wakati mimi nipo kanisani.

Yule mwanamke akasema kwamba yeye hutoa maoni tu kuhusu hali ya jumla.

Lev akasema, "Bibie, karatasi unayo. Karatasi inadai njia. Hii hapa njia. Kama kuna mstari unaodai urembo, nisomee, nina miwani." Alibisha, Ostap, alibisha mpaka muuguzi wetu akageukia bustanini ili acheke. Ningefumba macho ningesema ni wewe, ila wewe unatumia maneno marefu zaidi.

Wakapima. Nikasukuma mkongojo kutoka kizingitini hadi kwenye kitalu cha bizari, nikageuza, nikarudi, na sikumtazama mtu. Wametia sahihi. Nabaki.

Pasaka tulifungulia huku nje, kwa makoti. Kikapu kilichobarikiwa kilikuwa na mkate, mayai, soseji na chumvi. Lev alikishika kile kibakuli kwa mikono miwili kama kasisi, na kila aliyetaka kutia kidogo kwenye yai ilibidi amwombe yeye. Punje moja ilianguka. Akaiokota.

Baadaye, sahani zikiwa tupu, akaniuliza taratibu nitazikwa na nini sasa, maana chama cha akiba hakina kitu. Nikamwambia jeneza lipo gereji, vipandevipande, na seremala anakuja Mei kwa basi. Akaenda kuzitazama zile mbao. Alikaa huko kitambo. Aliporudi akasema mbili hazifai, zimeoza katikati, na kwamba huwezi hata kushika nyundo, kwa hiyo atalazimika kukusimamia. Nikamwambia asiharakishe, sina nia ya kulihitaji, na sina pesa za kufa.

Viti viwili viko nje tayari. Kimoja changu. Kingine nimemwambia akikalie, amekataa, anasimama tu ameegemea ukuta na kikombe chake. Anasema hicho ni cha yule mbishi, na anauliza basi lako linafika saa ngapi.

Bibi yako,
Paraska